Waitaliano Hawali Sahani Moja

Katika ofisi za Chemba ya Biashara mjini Bologna, kaskazini mwa Italia, kimehifadhiwa kisanduku chenye tambi moja ya dhahabu. Ni mfano wa tagliatella, tambi pana ya unga wa ngano na mayai ambayo watu wa mji huo wanaionea fahari kama wanavyokionea fahari chuo kikuu chao, kikongwe kuliko vyote Ulaya. Aprili 16, 1972, wajumbe wa Akademia ya Mapishi ya Italia na wenzao wa udugu wa wapenzi wa tortellini, tambi ndogo zilizojazwa nyama, walifika hapo kuandikisha kipimo chake: ikishaiva iwe na upana wa milimita 8, yaani sehemu moja ya 12,270 ya urefu wa mnara wa Asinelli ulioko katikati ya mji. Mwaka 1982 mchuzi wake, ragù, nao ukaandikishwa. Mwaka 2023 mapishi ya mchuzi huo yakapitiwa upya na kurekebishwa, mithili ya katiba.

Kazi ya kila siku ya ofisi hiyo ni kusajili kampuni. Mgeni atacheka, mwenyeji hacheki. Kwake yeye mchuzi wa nyama ya kusaga, kitunguu, karoti, seleri, nyanya kidogo, divai na maziwa, uliotokota taratibu kwa saa kadhaa, ni mali ya mji, na mali isiyoandikishwa huibiwa. Na imeibiwa kweli. Dunia nzima inauza spageti ya Bologna, chakula ambacho ndani ya Bologna hupikiwa watalii. Mchuzi mzito namna hiyo haushiki kwenye tambi nyembamba za mviringo. Unataka tambi pana zenye mikwaruzo ya ubao zilikosukumiwa.

Panda treni uende kusini hadi Napoli, utakuta ragù imebaki na jina lakini imebadilika kila kitu. Huko nyama haisagwi. Vipande vikubwa vinatokoswa ndani ya nyanya tangu asubuhi ya Jumapili. Mchuzi unaliwa kwanza na tambi kavu za ngano ngumu zisizo na yai, kisha nyama inafuata peke yake. Genova hawana habari na yote hayo. Wao wanatwanga mrehani, kitunguu saumu, mbegu za msonobari, jibini na mafuta ya zeituni kwenye kinu cha marumaru, na kila baada ya miaka miwili hufanyika mashindano ya dunia katika jumba la Palazzo Ducale kumtafuta bingwa wa kutwanga. Bari, kusini-mashariki, wanawake wa mtaa wa Arco Basso wanatoa meza nje na kukata donge la unga na maji kuwa orecchiette, tambi fupi zenye umbo la sikio dogo, wakizianika mbele ya wapita njia. Kila mmoja wa watu hawa angekuapia kuwa chakula cha Kiitaliano ni hicho chake. Vya wengine ni vyakula vya kwao huko.

Kwa miaka mingi sisi tulio nje tumeuziwa Italia moja ya piza na spageti. Wanaoirudisha Italia kwenye mikoa yake 20 ni wa aina tatu: wapishi wakubwa, waandaaji wa milo ya jioni ya kuonja inayobeba jina la mkoa mmoja, na waandishi wa vitabu vya mapishi. Wote nawavulia kofia, lakini si kwa kiwango kimoja. Taji nampa mwandishi wa kitabu, na wa kwanza kati yao alikuwa mzee mmoja kapera aliyefuga paka.

Artusi na barua zake

Pellegrino Artusi alizaliwa mwaka 1820 Forlimpopoli, mji mdogo wa Romagna. Januari 1851 genge la Stefano Pelloni, jambazi aliyejulikana kwa jina la Passatore, liliuvamia mji huo, likawateka matajiri waliokuwa ukumbini wakitazama mchezo wa kuigiza, kisha likapora nyumba zao, ya akina Artusi ikiwemo. Dada yake mmoja, Gertrude, aliharibikiwa akili kutokana na aliyotendewa usiku ule. Familia ikahamia Firenze. Huko Pellegrino alichuma kwa biashara, akastaafu akiwa na nguvu zake, akaishi na vitabu, paka na watumishi wawili: mpishi Francesco Ruffilli na Marietta Sabatini, aliyetunza nyumba na kupika.

Mwaka 1891, akiwa na umri wa miaka 70 hivi, alichapisha kitabu kwa fedha zake mwenyewe baada ya wachapishaji kumgeuzia kisogo. Kilikuwa na mapishi 475 katika nakala 1,000, na jina refu: La scienza in cucina e l'arte di mangiar bene, yaani sayansi ya jikoni na ufundi wa kula vizuri. Alikitabaruku kwa paka wake wawili, Biancani na Sibillone. Alipotoa nakala mbili kwa bahati nasibu ya hisani kule kwao Forlimpopoli, walioshinda walikwenda kuziuza kwa muuza tumbaku. Kisa hicho amekisimulia mwenyewe katika utangulizi wa matoleo ya baadaye, na msomaji anaona wazi kuwa kilimuuma.

Kisha barua zikaanza kumiminika. Wanawake wa miji mbalimbali walimwandikia kumsahihisha, kumbishia, na kumtumia mapishi ya mama zao. Kila pishi lilijaribiwa jikoni kwake, Marietta na Francesco wakiwa mekoni, na lililofaulu liliingia toleo lililofuata. Alipofariki mwaka 1911 kitabu kilikuwa na mapishi 790. Haki zake aliwaachia wale wawili waliopika naye, jambo ambalo matajiri wachache wa zama zile, na za sasa, wangelifanya.

Kumbuka hali ya nchi wakati huo. Italia iliunganishwa mwaka 1861. Roma iliongezwa mwaka 1870. Watu wengi walizungumza lahaja za kwao, na vitabu vya upishi vya mabwana vilijaa Kifaransa. Artusi aliandika Kiitaliano chepesi, chenye utani, ambacho mke wa mwanasheria wa Torino na mke wa daktari wa Ancona wote waliweza kukielewa. Piero Camporesi, mtaalamu wa fasihi aliyehariri toleo jipya la kitabu hicho mwaka 1970, alidai kuwa kiliunganisha taifa kuliko riwaya ya Manzoni, I promessi sposi, ambayo wanafunzi wa Italia husomeshwa wapende wasipende. Ni dai kubwa, lakini halikosi mashiko. Riwaya ilisomwa darasani. Kitabu cha Artusi kililala kwenye rafu ya jikoni, kikalowa mafuta, kikarithiwa na binti.

Isitoshe, mzee alijua kusimulia. Kwenye pishi la minestrone, supu nzito ya mboga, anaeleza jinsi alivyokwenda Livorno mwaka 1855, akala supu hiyo mgahawani, usiku tumbo likamchafuka vibaya. Akailaani supu, akakimbilia Firenze. Huko ndiko alikopata habari kuwa kipindupindu kimelipuka Livorno na kwamba mwenye nyumba aliyolala alikuwa amekufa. Baada ya hapo ndipo anapokupa vipimo vya mboga. Ni nani mwingine angethubutu kuandika kipindupindu juu ya pishi la supu na bado msomaji akatamani kuipika?

Kasoro yake kubwa ni kuwa Italia yake inainamia Romagna na Toscana, huku kusini kukiguswa kwa ncha ya kidole. Walioziba pengo walikuwa wanawake. Ada Boni, Mrumi, alitoa Il talismano della felicità katika miaka ya 1920, kitabu kilichokuwa zawadi ya harusi kwa vizazi vya mabibi harusi. Mwaka 1967 Anna Gosetti della Salda, mhariri wa jarida la La Cucina Italiana, akatoa Le ricette regionali italiane, mapishi zaidi ya 2,000 yaliyopangwa mkoa kwa mkoa. Kazi hiyo ya Gosetti haina umaarufu wa Artusi nje ya Italia, nami naona hiyo ni dhuluma. Yeye hasimulii sana. Anataja chakula, anataja kinakotoka, anaeleza kinavyopikwa, anaendelea. Anayetaka kujua Basilicata wanakula nini na Friuli wanakula nini atafute hapo.

Forlimpopoli, ile iliyouza vitabu vyake kwa muuza tumbaku, sasa inaishi kwa jina lake. Mwaka 2007 ilifunguliwa Casa Artusi, kituo chenye maktaba, mgahawa na darasa la upishi, na kila mwaka mji mzima hugeuka meza katika tamasha la Festa Artusiana. Upo hata ushindani wa wapishi wa nyumbani, wasio na mgahawa wala kofia nyeupe, unaoitwa Premio Marietta.

Palermo na Malindi ndani ya kitabu kimoja

Msomaji wa pwani yetu ana sababu yake ya pekee ya kuifuatilia Sicilia. Majeshi ya Waislamu kutoka Afrika Kaskazini yalianza kukiteka kisiwa hicho mwaka 827, na utawala wao ulidumu mpaka Wanormani walipouangusha katika karne ya 11. Waliacha nyuma milimau na michungwa, kilimo cha miwa, mabilingani, na mazoea ya kuchanganya utamu na uchachu ambayo hayajatoka mpaka leo. Onja caponata: mabilingani ya kukaanga yaliyochanganywa na seleri, nyanya, zeituni, siki na sukari. Mtu aliyelelewa kwa achari na ukwaju atajihisi yuko karibu na nyumbani.

Mwaka 1154 al-Idrisi, mwanajiografia wa Kiarabu aliyefanya kazi katika kasri la mfalme Roger II huko Palermo, alikamilisha kitabu chake kikubwa kuhusu nchi za dunia. Ndani yake anaitaja Trabia, karibu na Palermo, mahali penye mito na vinu vya kusagia, ambapo zilitengenezwa itriyya, tambi ndefu, nyingi kiasi cha kupakiwa merikebuni na kupelekwa nchi za Waislamu na za Wakristo. Hii ni zaidi ya karne moja kabla ya Marco Polo kurudi kutoka China mwaka 1295, kwa hiyo ile hadithi ya kuwa yeye ndiye aliyezileta tambi Italia izikwe. Kitabu hichohicho cha al-Idrisi kinaitaja pia Malindi na Mombasa. Aliyeandika habari za tambi za Sicilia aliandika na habari zetu.

Magharibi mwa kisiwa, kwenye mji wa bandari wa Trapani, chakula cha fahari ni kuskusi. Punje za ngano zinasuguliwa kwa vidole ndani ya bakuli la udongo lililotanuka, maji yakinyunyizwa kidogo kidogo hadi zifanye vidonge, kisha zinapikwa kwa mvuke na kuliwa na supu ya samaki wa aina nyingi. Si mbali na hapo, San Vito Lo Capo hufanya tamasha la kuskusi kila mwaka, na wapishi kutoka nchi mbalimbali hushindana. Yapo pia mabishano yasiyokwisha juu ya vile vidonge vya wali vya kukaanga: Palermo wanaviita arancine, jina la kike, na vya kwao ni vya duara. Catania wanasema arancini, la kiume, na vya kwao mara nyingi vimechongoka juu. Usijaribu kuwasuluhisha.

Niseme jambo ambalo vitabu vingi vinaliruka. Emilia-Romagna, mkoa unaosifiwa kuliko yote kwa chakula, ni nchi ya nguruwe. Yumo kwenye tortellini, kwenye ragù, kwenye paja lililokaushwa la Parma. Muislamu anayetaka kuyafahamu mapishi ya Italia hana haja ya kuanzia huko na kuhesabu alivyokatazwa. Aanzie Sicilia, Puglia na Liguria: samaki, mboga, dengu, maharage, mafuta ya zeituni na mrehani. Hatakuwa ameshika mkia. Atakuwa ameingilia mlango mwingine wa nyumba ileile.

Nyota na bibi

Wapishi mashuhuri wa Italia wana tabia moja: ukiwauliza walikojifunza, wengi watakutajia mwanamke aliyekuwa akisukuma unga. Nadia Santini wa mgahawa wa Dal Pescatore, ulioko kijijini katika jimbo la Mantova, alifundishwa na bibi na mama wa mumewe. Mwaka 1996 mgahawa huo ulipata nyota tatu za Michelin, naye akawa mwanamke wa kwanza wa Kiitaliano kufikia daraja hilo. Chakula chake maarufu si kitu cha maabara. Ni tortelli za boga: boga lililopondwa na kuchanganywa na jibini la Parmigiano, biskuti za amaretti zilizosagwa na mostarda, matunda yaliyohifadhiwa kwenye shira yenye ukali wa haradali, vyote vikafungwa ndani ya unga mwembamba na kumiminiwa siagi. Kwa watu wa Mantova ni chakula cha mkesha wa Krismasi, usiku ambao nyama hailiwi. Santini hakukibuni. Alikipika vizuri kwa miaka mingi bila kukichezea, na mimi nauheshimu ujasiri huo kuliko povu na moshi wa wapishi wengi.

Massimo Bottura wa Modena ni mtu wa namna nyingine. Alifungua Osteria Francescana mwaka 1995, na watu wa mji wake walimkasirikia. Alikuwa amewawekea mbele ya macho yao tortellini sita zilizopangwa mstari juu ya supu iliyogandishwa. Sita! Modena, ambako bakuli la tortellini ni kujaza na kurudia. Alikuwa akiwauliza kama wanazionja au wanazimeza tu kwa mazoea. Sahani yake nyingine inatumia Parmigiano peke yake, lenye umri tofauti, likiwa laini, likiwa povu, likiwa kavu na la kuvunjika, ili mlaji aelewe muda unalifanya nini jibini. Mgahawa ulipata nyota ya tatu na, mwaka 2016 na 2018, ukashika nafasi ya kwanza katika orodha ya migahawa 50 bora duniani.

Kwangu mimi, hata hivyo, kazi yake bora kuliko zote haikupikwa mgahawani. Mei 2012 tetemeko la ardhi liliikumba Emilia mara mbili. Rafu za maghala zilianguka, na maduara ya Parmigiano laki kadhaa yakadondoka na kupasuka. Duara moja ni kilo 40 hivi, limetengenezwa kwa lita zipatazo 550 za maziwa, na limesubiri miezi 12 au zaidi gizani kabla ya kuuzwa. Jibini lililopasuka haliwezi kuendelea kukomaa. Lisipouzwa haraka limekwisha. Bottura akatunga pishi rahisi: risotto iliyotiwa Parmigiano na pilipili manga, kwa kuiga tambi za cacio e pepe za Roma ambazo hutumia jibini la kondoo. Oktoba mwaka huohuo watu wa nchi nyingi waliipika kwa pamoja usiku mmoja, na jibini lile likauzika. Pishi la mkoa mmoja, lililoazimwa wazo kutoka mkoa mwingine, likaokoa mishahara ya watengeneza jibini.

Sasa mlo wa kuonja. Mpangilio wake unajulikana: sahani nane, kumi au zaidi, kila moja vijiko viwili vitatu, na mhudumu anayeeleza kwa sauti ya chini. Ukiwa umebuniwa ili kumtukuza mpishi, unachosha. Kufikia sahani ya saba mtu anatamani kipande cha mkate. Ukibuniwa kuwa safari ya mkoa mmoja, una faida ambayo hata kitabu hakiwezi kuitoa. Chukua usiku wa Piemonte. Inaanza bagna càuda, mchuzi wa moto wa kitunguu saumu, mafuta na dagaa wa chumvi, unaochovewa mboga mbichi. Inafuata vitello tonnato, nyama baridi ya ndama iliyofunikwa rojo la jodari. Kisha tambi ndogo za agnolotti zilizobanwa kwa vidole, kisha nyama ya ng'ombe iliyotokoswa kwa divai ya Barolo, na mwisho bonet, kitamutamu cha mayai, kakao na biskuti za amaretti. Mlaji mwenye macho atauliza: mkoa usio na bahari hata hatua moja umepata wapi samaki katika sahani mbili za kwanza? Jibu liko milimani. Wachuuzi walipandisha chumvi na dagaa kutoka pwani ya Liguria, na watu wa bonde la Maira walijipatia sifa kwa kuzunguka na mapipa ya dagaa wa chumvi. Historia ya biashara imeliwa kabla ya saa tatu usiku.

Wasioweza bei ya migahawa ya nyota wana njia mbili. Mtandao wa Cesarine, ulioanzia Bologna mwaka 2004, unawakutanisha wageni na wapishi wa nyumbani wanaowakaribisha mezani kwao. Na kitabu cha mwongozo cha Osterie d'Italia, kinachotolewa na jumuiya ya Slow Food tangu mwaka 1990, kinaorodhesha migahawa ya kawaida inayopika cha kwao kwa bei ya kueleweka. Iliyo bora huwekewa alama ya konokono.

Mwalimu wa biolojia

Marcella Hazan alizaliwa Cesenatico, Romagna, mwaka 1924, si mbali na kwao Artusi. Sehemu ya utoto wake aliishi Alexandria, Misri, ambako alianguka ufukweni akavunjika mkono wa kulia, mkono uliobaki na kilema maisha yote. Alisomea sayansi hadi shahada ya udaktari. Kupika hakujua. Alipoolewa na Victor Hazan na kuhamia New York mwaka 1955 ndipo alipoanza kupika, akikumbuka ladha za nyumbani na kuzitafuta kwenye sufuria. Akajiunga na darasa la mapishi ya Kichina. Mwalimu aliposafiri, wanafunzi wenzake wakamwomba awafundishe vya Italia. Akafundisha nyumbani kwake. Craig Claiborne, mwandishi wa chakula wa New York Times, akaja kula mchana, akaandika, na mwaka 1973 kikatoka The Classic Italian Cook Book. Marcella aliandika kwa Kiitaliano, Victor akatafsiri.

Nguvu ya kitabu hicho imo katika ukali wake. Hazan aliwaambia Wamarekani kwamba hakuna mapishi ya Kiitaliano, yapo ya Kibolonya, ya Kivenezia, ya Kirumi na kadhalika, kisha akawapa vipimo kama mwalimu wa maabara, asiye na subira na mwanafunzi mvivu. Bila yeye wasomaji wengi wa Kiingereza wangebaki na Italia ya nyanya nyingi na vitunguu saumu vingi. Alifariki mwaka 2013.

Lakini je, mila hizi zote ni za kale kama zinavyodaiwa? Alberto Grandi, profesa wa historia ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Parma, amewakera wenzake kwa kusema kuwa nyingi zimebuniwa baada ya vita vya pili vya dunia, na kwamba wahamiaji wa Kiitaliano Marekani walichangia kuliko inavyokubalika. Carbonara inampa nguvu: pishi lake la mwanzo kuchapishwa Italia, katika La Cucina Italiana mwaka 1954, lina kitunguu saumu na jibini la Uswisi, vitu ambavyo leo vingemfukuzisha mpishi kazi mjini Roma. Naona Grandi yuko sahihi kuhusu tarehe na anakosea kuhusu uzito wake. Chakula hakihitaji miaka 500 ili kiwe cha mahali. Kinahitaji watu wanaokipika kila wiki na kugombana juu yake. Desemba 2025 UNESCO iliyaingiza mapishi ya Kiitaliano kwenye orodha ya urithi usioshikika wa binadamu, na nashukuru maelezo yake yanasisitiza uanuwai kuliko sahani fulani.

Ubishi huo umevuka bahari na kufika kwetu. Slow Food, iliyoanzishwa na Carlo Petrini wa Bra, Piemonte, baada ya maandamano ya mwaka 1986 dhidi ya McDonald's kufunguliwa Piazza di Spagna, Roma, tangu Julai 2022 inaongozwa na Edward Mukiibi, mtaalamu wa kilimo kutoka Uganda. Kenya ina vyakula vinavyolindwa chini ya mpango wake, miongoni mwavyo maboga ya Lare ya Nakuru na maziwa mgando ya Wapokot yanayotiwa majivu ya mti. Malindi nako Waitaliano wamekuwapo kwa wingi tangu enzi za kituo cha anga za juu cha San Marco katika miaka ya 1960, na kamba na kaa wa pwani wamezoea kukutana na spageti. Na anayekula baasto kwa mchuzi na ndizi pembeni kwenye mgahawa wa Kisomali mtaani Eastleigh, anakula mabaki ya ukoloni wa Italia yaliyogeuzwa kuwa chakula cha watu wengine kabisa.

Kwa anayetaka kitabu kimoja, anayesoma Kiingereza achukue Essentials of Classic Italian Cooking ya Hazan, ya mwaka 1992, inayounganisha vitabu vyake viwili vya mwanzo. Aanze na mchuzi wa nyanya: kopo la nyanya la gramu 800, siagi vijiko vitano vya chakula, kitunguu kimoja kilichokatwa nusu, chumvi. Vyote sufuriani kwa pamoja, moto mdogo, dakika 45, ukiponda nyanya kwa mwiko. Kitunguu hutolewa mwishoni. Hakuna kukaanga, hakuna pilipili, hakuna kuongeza chochote kwa werevu wako.

Na utakapoingia mgahawa wa Kiitaliano, uwe Malindi, Masaki au Westlands, usianze kuulizia piza. Muulize mpishi yeye au aliyemfundisha ametoka mkoa gani, kisha agiza cha huko.